Nyanya yangu si panya wa maabara

Juzi nimepata ofa inboksi. Nitengeneze video ya dakika moja nikisifu unga fulani wa mlonge, nilipwe. Pesa haikuwa mbaya, haki, kwa mtu aliyeacha chuo na anayepanda juu ya jiwe kutafuta mtandao hapa Kasigau. Maelezo yao yalisema ati sayansi imethibitisha unga huo "unalinda seli zinazotengeneza insulini".

Nikawaambia nitumieni huo utafiti. Wakatuma. Nimeusoma siku mbili.

Sasa sikieni, maana hapa ndipo watu wanachezwa. Panya wa maabara wanadungwa dawa inaitwa streptozotosini. Ni dawa ya saratani ya kongosho, lakini tangu 1963 inajulikana kwamba inaua seli beta za panya, zile za insulini. Inapitia mlango ule ule unaoingiza sukari, inaharibu DNA ndani, na kuzalisha zile kemikali kali ambazo antioksidanti huzizima. Seli beta zenyewe zina kinga ndogo sana dhidi ya kemikali hizo. Kwa hivyo ukimpa panya majani yenye antioksidanti, hasa kabla ya sindano, seli nyingi zinaweza kupona. Hiyo ndiyo "kulinda" wanayoimba.

Haya, nani amemdunga nyanya yangu streptozotosini? Sukari yake ni ya aina ya pili. Imekuja polepole kwa miaka, mwili ukiacha kuisikia insulini, na seli zikizidiwa na kazi. Hata hiyo sumu yenyewe, seli za binadamu huivumilia kuliko za panya, kwa sababu ule mlango kwetu ni haba.

Nasema kwa uchungu kwa sababu mwaka jana nyanya aliacha metformini wiki tatu, akanywa unga kama huo asubuhi na jioni. Tulimkimbiza Voi usiku kwa Probox. Mashine ya sukari haikutoa hata namba, iliandika HI tu, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Nilikuwa nimemshika mkono na hanijui mimi ni nani.

Mtasema nachukia miti shamba. Wapi! Mlonge uko nyuma ya jiko letu na mboga yake naila na sima. Na simlaumu nyanya pia. Unga uliletwa na bodaboda hadi mlangoni, muuzaji akamwita mama, akakaa akamsikiliza magoti yanavyomuuma. Dawa zake zikiisha, ni kupanga nauli ya Voi na kupiga foleni. Nani kati ya hao wawili angekuvutia wewe?

Hao wa ofa niliwajibu kwamba video nitafanya, bora niseme wazi kwamba waliojaribiwa ni panya, na mtu asiache dawa zake. Wamesoma. Tiki mbili za buluu, hadi leo kimya.