Siku ya yenga ni ya mu lupango

Mvua imekata, baridi ya mwezi wa sita imeingia Kolwezi. Ni wakati wa kupaka nyumba chokaa: ukuta unakauka mbio. Mangaribi tunawasha mbabula mu lupango, jirani anakuja na kiti yake, tunakunywa munkoyo. Batoto, bao, banalilia kwenda kuona Ziwa Nzilo. Lakini nani atabapeleka, kama baba anafanya posti ya saa 12, yenga na yenga, anarudia kulala tu? Sheria ya kazi ya 2002 imeandika saa 45 kwa juma. Shiye hatuombe zawadi. Kalenda ya posti ibandikwe mwezi moja mbele, kila ekipe ipate yenga yake. Badelege, mulete ile neno mu mkutano sasa. Mwezi wa kumi mvua itakuwa imerudia.