Kusamehe si kumeza ulimi

Neno lililosemwa asubuhi kwenye foleni ya feri Likoni, hapa Mombasa, huwa limeshafika soko la Kongowea kabla ya adhuhuri, tena limetiwa chumvi njiani. Katika nyumba za kupanga za Changamwe, ambako familia kadhaa huchota maji kwenye bomba moja, aliyesemwa vibaya hana pa kujificha: kesho alfajiri atapanga ndoo nyuma ya yule yule aliyemsema. Hapo ndipo imani ya Mkristo inapopimwa. Nashikilia kwamba amsamehe aliyemsema hata kabla ya kuombwa radhi, na kwamba kusamehe huko hakumzuii kusema kweli.

Sababu tunayo hapa hapa kwetu. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kupora bunduki, kisha wakawageukia watu wa bara, yaani waliohamia kutoka nje ya Pwani. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 100 na kuwahamisha maelfu. Wengi walikimbilia uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni. Uchochezi wa kisiasa ulikuwamo, lakini mchochezi hapati tabu pale majirani walipokwisha kuzoea kuumbuana, huyu akiitwa mnyang'anyi wa ardhi na kazi, yule akiitwa mvivu. Kila aliyepokea tusi akalirudisha na riba aliongeza kuni. Anayesamehe huukata mnyororo huo: tusi likimfika, haliendi mbele.

Wapo wanaosema msamaha humpa msengenyaji kichwa. Hoja hii ina uzito. Mama wa mahamri akizushiwa kwamba anakaangia mafuta machafu, wateja humkimbia siku hiyo hiyo, na watoto wake ndio wanaolala njaa. Lakini Injili haikumwagiza anyamaze. Katika Mathayo 18, Yesu anamtaka aliyekosewa amwendee mkosaji wakiwa wawili tu, amwonyeshe kosa lake. Asiposikia, arudi na mashahidi. Ni katika sura hiyo hiyo anapomwambia Petro kwamba kusamehe hakuna kikomo. Naye Yesu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alimtaka mpigaji ataje ubaya aliousema. Alidai haki yake bila kulipiza. Kwa hiyo mama yule anaweza kumkabili jirani yake, kumfikisha kwa mzee wa mtaa, hata kumshtaki mahakamani, na bado awe amemsamehe, maadamu anatafuta kusafishwa jina wala hatafuti kumwangamiza mwenzake.

Wengine watauliza: kwa nini asingoje kwanza aombwe radhi? Kwa sababu akingoja, utulivu wa moyo wake unabaki mikononi mwa aliyemuumiza, ambaye huenda hata hakumbuki alichosema. Kupatana kunahitaji watu wawili. Kusamehe kunaweza kuanza na mmoja. Tena kila tunaposali Sala ya Bwana tunamwomba Mungu atupimie kwa kipimo tunachowapimia wenzetu, na hakuna kati yetu ambaye ulimi wake haujawahi kumchafua mtu. Basi kesho alfajiri kwenye bomba, salamu ya kwanza na itoke kwa aliyesemwa. Ndoo zikishajaa, amwite mwenzake pembeni, amwambie neno lake uso kwa uso.