Mlingoti wa Boston

Boston ilijiponza yenyewe. Kwa miaka 12 ilikubali maombi 284 ya kupandisha bendera mbele ya ofisi za mji bila kukataa hata moja, kisha mwaka 2017 ikaikataa ya Kikristo. Majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliikosoa mwaka 2022, na ilistahili. Wanaodai sheria za bendera huminya maoni wasisahau kuwa hukumu hiyohiyo iliuachia mji nafasi ya kuandika kanuni na kuufanya mlingoti uisemee serikali pekee. Ila orodha ya bendera zinazoruhusiwa nayo hukwepeka: Utah ilipoitunga mwaka 2025, Salt Lake City ilitia nembo yake kwenye bendera ya upinde wa mvua, ikaitangaza kuwa rasmi.