Utafiti Urudi kwa Waliohojiwa

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi Tanzania Bara, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wajumbe walizunguka mikoani, wakafanya mikutano ya hadhara, wakawasikiliza wakulima na wafugaji. Walipendekeza ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Serikali haikuafiki, sheria za mwaka 1999 ziliiacha ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini. Lakini kilio cha wananchi kilikwisha kuandikwa, na hakuna awezaye kudai kwamba hakikusikika.

Hiyo ndiyo kazi ya elimu ya juu: kuwapa wanyonge hoja zenye ushahidi mbele ya watunga sera. Mwanafunzi wa uzamili ajaye kuuliza habari za ada, maji au ardhi huchukua mali ya watu, yaani maarifa yao. Mara nyingi tasnifu huandikwa kwa Kiingereza, ikahifadhiwa maktabani. Mjane aliyejibu maswali asijue kilichoandikwa juu yake.

Ndugu viongozi wa walei, mpokeeni mtafiti kwa ukarimu, ila mtakeni aahidi kurudi na matokeo kwa Kiswahili, hadharani. Nanyi wasomi, timizeni ahadi hiyo. Haki haikamiliki kwa mtu kuhojiwa tu. Sharti naye apate jibu.