Hamster wa Buswelu

Leo niacheni niwapigie kelele waandishi wa programu.

Kuna kijana jirani yetu hapa Buswelu anajifunza Java. Juzi kaniletea laptopu yake. Alikuwa anahangaika na PetClinic, programu ya mfano ya Spring, ile fremuweki ya Java ya kutengenezea tovuti. Bando lilimwishia kabla hajaona hata ukurasa mmoja, maana mara ya kwanza lazima zishushwe maktaba lukuki kutoka mtandaoni. Akajiunga jingine. Ukurasa ulipofunguka, swali lake la kwanza halikuhusu Java kabisa: "Kaka, hivi hamster ndiyo mnyama gani?"

Nilicheka, halafu nikaacha. PetClinic ni kliniki ya wanyama wa nyumbani. Baadhi ya wenye wanyama wanaishi Madison, Marekani, na kwenye orodha kuna paka, mbwa, mjusi, nyoka, ndege na huyo hamster. Kwetu nyoka akiingia ndani anaitiwa fimbo, siyo daktari! Kijana anajifunza Java na maisha ya Madison kwa mpigo. Usiku akasajili wanyama wake, asubuhi hawapo. Akadhani kaharibu kitu. Kumbe usipobadilisha mpangilio, taarifa zinakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukizima programu, zimekwenda.

Sisemi PetClinic ni mbaya, imeandikwa kwa usafi. Na wataalamu watasema mfano lazima uonyeshe kila kitu. Mimi sikubali. Tazameni DHIS2, nayo ya Java, inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na Wizara yetu ya Afya. Mfano wake una wilaya na vituo vya afya vya Sierra Leone, na unaufungua mtandaoni bila kusakinisha chochote. Ni wa watumiaji zaidi kuliko waandishi wa msimbo, sawa, lakini muuguzi wa Ilemela hahitaji kuelezwa kituo cha afya ni nini.

Ningekuwa mimi ningeanza na daftari la dagaa la Mwaloni Kirumba: jina la mteja, magunia, bei, deni. Jedwali moja, ukurasa mmoja. Hilo likieleweka, ndipo tuongeze malipo. Na mstari wa kwanza wa maelekezo useme MB ngapi zitaliwa.

Kijana anakuja tena Jumamosi. Nimemwambia asinunue bando, maktaba zote nitamwekea kwenye flashi.