Mwanafunzi wa Pikipiki na Aanzie Darasa la Kwanza

Pikipiki katika nchi hii si chombo cha anasa. Kwa mwalimu ambaye shule yake iko mbali na makao makuu ya wilaya, kwa bwana shamba mwenye vijiji vinne vya kuhudumia, kwa mratibu wa elimu ambaye kata yake haina basi wala teksi, pikipiki ni miguu ya pili. Ndiyo maana Serikali iliwagawia pikipiki waratibu elimu kata mwaka 2018, na maofisa ugani mwaka 2022. Ndiyo maana pia watumishi ambao hawakuguswa na mgawo hujinyima, wakakopa katika chama chao cha akiba na mikopo, wakanunua za kwao. Mtu wa namna hiyo anastahili pongezi. Lakini pongezi hazimwondolei wajibu wa kujiuliza swali moja kabla hajatoa fedha: pikipiki ipi inamfaa mtu ambaye hajawahi kuendesha?

Swali hili limekuwa zito kwa sababu ya tamaa ya ukubwa. Wapo watumishi ambao, kabla hata ya kujua gia ya kwanza iko wapi, wamekwisha kuitia moyoni pikipiki kubwa ya barabara na pori: ile yenye injini ya sentimita za ujazo 650 au zaidi, shokapu ndefu, tangi pana na kiti kilichoinuka juu kama tandiko la farasi. Hoja zao ni tatu. Kwanza, husema, njia mbaya hutaka chombo chenye nguvu. Pili, pikipiki ndogo humchosha mtu mapema, naye huitupa. Tatu, kununua mara mbili ni hasara kwa mtu wa mshahara. Hoja hizi si za kipuuzi, na hazifai kuchekwa. Zinafaa kupimwa.

Sifa ya pikipiki hizi ilijengwa kwa sehemu kubwa hapa hapa barani Afrika. Mbio za Paris hadi Dakar zilipoanza Desemba 1978 na kumalizika Januari 1979, Mfaransa Cyril Neveu alishinda akiwa juu ya Yamaha XT 500. Mwaka 1980 kampuni ya BMW ilitoa pikipiki yake ya R 80 G/S, yenye injini ya karibu 800, nayo ikashinda mbio hizo mwaka 1981 ikiendeshwa na Hubert Auriol. Tangu hapo picha ya pikipiki kubwa ikikata jangwa imekaa vichwani mwa watu, na kila kiwanda kimeongeza ukubwa juu ya ukubwa. Lakini wanaoipenda picha hiyo husahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba ile XT 500 ya 1979, kama ilivyotoka kiwandani, haikufika kilo 160, ilhali BMW R 1250 GS ya miaka ya karibuni ina kilo 249. La pili ni kwamba tangu mwaka 2011 waandaaji wa mbio hizo hizo wamezuia injini za pikipiki zisizidi ujazo wa 450. Iwapo mabingwa wa dunia, wanaoishi kwa kazi hiyo, wanavuka majangwa kwa 450, ni vigumu kuelewa kwa nini mwanafunzi wa siku ya kwanza aanze na 1250 ili aende kukagua shule tatu.

Basi hoja ya kwanza, ya njia mbaya na nguvu, ipimwe kwa njia yenyewe. Uchukuliwe mfano wa mratibu wa elimu anayesafiri wakati wa masika. Mbele yake pana tope la udongo mweusi wa mbuga, baada ya tope pana makorongo yaliyochimbwa na magurudumu ya matrekta, na baada ya makorongo pana mchanga wa mto uliokauka. Katika njia hiyo mwanafunzi haanguki kwa sababu ya mwendo wa kasi. Huanguka akiwa karibu amesimama. Pikipiki inainama kidogo, naye ananyoosha mguu kuizuia, na hapo ndipo urefu wa kiti unapotoa hukumu. Kiti cha Yamaha Ténéré 700 kiko sentimita 87 na nusu kutoka ardhini. Mtu wa kimo cha kadiri hufikisha ncha za vidole tu mahali palipo tambarare. Penye korongo, mguu wake hukuta hewa.

Baada ya urefu huja uzito. Pikipiki hiyo, ikiwa na mafuta, ina kilo zipatazo 205. Hayo ni magunia mawili ya mahindi. Hakuna mwanakijiji mwenye akili timamu anayejaribu kuzuia magunia mawili yanayoanguka kwa mguu mmoja. Lakini mwanafunzi wa pikipiki hujaribu, na mara nyingi mguu huo ndio unaobaki chini, kando ya bomba la moshi lenye moto. Kisha huja kazi ya kuyainua magunia hayo peke yake, katika tope, kilomita kadhaa kutoka nyumba ya kwanza. Honda XR 150L, ambayo nayo ni ya barabara na pori, ina uzito wa kilo 130 hivi, na kiti chake hakifiki sentimita 84. Tofauti ya kilo 75 ndiyo tofauti kati ya mtu aliyeanguka akaondoka na mtu aliyeanguka akangoja msaada.

Na hiyo nguvu inayosifiwa, mwanafunzi haitumii, humtumia yeye. Mkono wa kulia ndio unaofungulia mafuta, na mkono huo huo ndio unaoshika usukani. Pikipiki inaporushwa na shimo, mwili wa asiyezoea hurudi nyuma, na mkono wake huvuta mafuta bila kukusudia. Katika injini ya 125 kosa hilo huzaa kelele na aibu kidogo. Katika injini kubwa iliyo katika gia ya kwanza, kosa hilo hilo humpeleka mtu kwenye mti. Mchangani mambo ni hayo hayo kwa upande wa pili: mwenye hofu hufunga mafuta ghafla, uzito wote hukimbilia mbele, gurudumu la mbele huzama, na usukani humponyoka. Kadiri chombo kinavyokuwa kizito, ndivyo gurudumu linavyozama zaidi na ndivyo mikono inavyoshindwa upesi.

Haya si maneno ya waoga. Mwaka 1981 huko Marekani, mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa taarifa ya uchunguzi wa ajali zipatazo 900 za pikipiki, zilizokaguliwa mahali zilipotokea katika eneo la Los Angeles. Taarifa hiyo ilionyesha kwamba asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe, au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Ilionyesha pia kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa hawajatimiza miezi mitano juu ya pikipiki ile iliyowapatia ajali, ingawa kwa jumla walikuwa na karibu miaka mitatu ya kuendesha barabarani. Walipokutana na hatari, wengi walikanyaga mno breki ya nyuma mpaka gurudumu likaburuzika, wakaisahau breki ya mbele ambayo ndiyo yenye nguvu ya kusimamisha. Maana yake ni nyepesi kueleweka. Kila pikipiki ngeni ni darasa jipya, hata kwa aliyezoea. Kwa asiyezoea, pikipiki kubwa ni mtihani wa mwisho uliotangulizwa kabla ya somo la kwanza.

Sheria yenyewe imeliona jambo hili. Leseni ya Tanzania hutenganisha daraja A1, la pikipiki zilizo chini ya ujazo wa 125, na daraja A, la zile zinazozidi hapo. Wajapani wameweka mpaka wa 400 kati ya leseni ya kawaida na leseni ya pikipiki kubwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, taratibu zilizoanza kutumika Januari 2013 humpandisha kijana kwa ngazi: kwanza ujazo wa 125, kisha nguvu isiyozidi kilowati 35, na baada ya miaka miwili ndipo hufunguliwa mlango wa pikipiki za nguvu yoyote. Nchi hizo ndizo zinazotengeneza pikipiki kubwa na kuziuza duniani. Zingekuwa na kila sababu ya kibiashara ya kumwachia mnunuzi wa kwanza achague iliyo kubwa kuliko zote. Hazikufanya hivyo, kwa sababu zimekwisha kuzika vijana wa kutosha.

Hoja ya pili, ya kuchoshwa na pikipiki ndogo, ina ukweli ndani yake, nao hauna budi kukubaliwa. Katika barabara kuu ya lami, injini ya 125 iliyobeba mtu na mzigo hupata taabu kwenye mlima, na upepo wa lori linalopita huitikisa. Mtumishi ambaye safari zake nyingi ni za lami na ndefu, tena mwenye kimo na nguvu, aweza kwa haki kufikiria injini ya 200 au 250. Aidha, si kila injini kubwa ni kali. Zipo za 650 zenye silinda moja ambazo ni pole kuliko nyingine zilizo ndogo kwake. Lakini upole wa injini haupunguzi urefu wa kiti, wala haupunguzi kilo. Na mtu anayechoshwa na pikipiki ndogo baada ya mwaka mmoja hakupata hasara. Amehitimu. Hakuna mwalimu anayelalamika kwamba mtoto aliyeanza darasa la kwanza alipotezewa muda kwa kuwa sasa yuko darasa la tano.

Imebaki hoja ya fedha, ambayo kwa mtu wa mshahara ndiyo kubwa kuliko zote. Hapa hesabu hupingana na wanaoitumia. Pikipiki ndogo iliyotunzwa haikosi mnunuzi, kwa kuwa kila mji mdogo una anayeitafuta. Vipuri vyake viko dukani, na fundi wake yuko chini ya mwembe. Pikipiki kubwa ikianguka mara tatu, na mwanafunzi ni lazima aanguke, huvunjika mikono ya breki na klachi, huvunjika taa, huingia tangi. Na vifaa hivyo mara nyingi hungoja kuagizwa kutoka mbali. Wakati vinangojwa, chombo kimelala chini ya turubai, makato ya mkopo yanaendelea kila mwisho wa mwezi, na mwalimu anatembea kwa miguu kwenda shuleni. Huko ndiko kununua mara mbili kwa kweli.

Basi anayetaka kuchagua na achague kwa vipimo, si kwa macho ya watu wa kijiweni. Akae juu ya pikipiki akiwa amevaa viatu vya kazi, aone kama nyayo zote mbili zinakanyaga ardhi kwa uthabiti. Ailaze chini mahali penye nyasi, ainue peke yake bila msaada wa muuzaji. Aisukume hatua kumi mchangani ikiwa imezimwa. Amwulize fundi wa mji wake, wala si fundi wa Dar es Salaam, kama anaifahamu na kama vipuri vyake vipo. Pikipiki itakayoshindwa mojawapo ya majaribio hayo si yake kwa sasa, hata ikiwa bei yake inavutia. Vipimo hivi vina haki pia kwa wanawake, kwani wauguzi, walimu na mabibi shamba ni wengi, na chombo kilichochaguliwa kwa kimo cha mwanamume mrefu huwaweka hatarini bila sababu.

Akisha kununua, kofia ngumu na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu vihesabiwe kuwa sehemu ya bei, si nyongeza ya baadaye. Kisha atenge jioni zake katika uwanja wa mpira, watoto wakishaondoka: kuondoka na kusimama, kushika breki mbili kwa pamoja bila kuburuza gurudumu, kupinda kwa mwendo wa taratibu, kusimama juu ya vikanyagio penye mashimo ili magoti yapokee mishtuko. Ofisi inayomkabidhi mtumishi ufunguo nayo imkabidhi mafunzo, kwa kuwa ufunguo bila mafunzo ni nusu ya msaada.

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka pikipiki kubwa naye na ainame kwanza juu ya ndogo, mwaka mmoja au miwili, mpaka mikono ijue kazi yake bila kuulizwa. Hakuna mwanakijiji anayepima huduma ya bwana shamba kwa ukubwa wa injini iliyomleta, wala mtoto anayejali mwalimu wake amefika kwa ujazo gani. Wanachojali ni kwamba amefika asubuhi akiwa mzima, na kwamba kesho atafika tena.