Maji ya Rangi ni ya Kamera, Si ya Mashini

Kila nikiweka picha ya kompyuta yenye mirija ya maji ndani, hakuna mtu huuliza kuhusu prosesa. Mnauliza, "Hiyo rangi ni gani buda, na inapatikana wapi?" Sawa. Leo nawajibu, na najua jibu halitawabamba: msinunue rangi. Nunueni maji ya betri, muongeze dawa ya kuzuia kutu na ukungu, mfunge kifuniko. Zile zambarau na kijani za maziwa-maziwa mnazoona kwa video ni za kamera.

Mimi ni mtu wa kontenti, kwa hivyo najua hapa najimwagia unga. Kesi ya glasi, laiti za RGB, maji ya pinki yanang'aa ndani: hiyo ni video imejiuza kabla hujaongea. Maji yasiyo na rangi hayana hiyo raha. Lakini kuna msee anabomoa setapu yake kila miezi mitatu ndio apate video mpya, halafu kuna wewe mwenye mashini moja tu, uliyoilipa polepole, na ndiyo unahariri nayo harusi za watu, ndiyo inalipa kodi ya bedsita. Yake ikiziba, ni episodi nyingine. Yako ikiziba, ni mwezi bila kazi. Nyinyi wawili hamuwezi kuwa mnanunua chupa moja.

Kwanza tumalize hii stori ya "maji gani yanapoesha zaidi." Karibu hakuna tofauti. Chukua mashini inayotoa joto la wati 300, na pampu inayozungusha lita 3 kwa dakika. Maji yakishapita kwa prosesa na kadi ya grafiki, yanatoka yakiwa yamepanda kama digrii moja na nusu tu kuliko yalivyoingia. Changanya na glaikoli hadi theluthi, hesabu inasonga kwa sehemu ndogo ya digrii ambayo hutawahi kuiona kwa skrini. Kinachoamua mashini ipoe aje ni ukubwa wa rejeta, feni, na hewa ya chumba. Na hewa ya Kinoo, tuseme ukweli, ni msaada wa bure. Mwezi wa saba huku tunalala na blanketi mbili. Jamaa wa Mombasa ndiye ako na kesi. Kwa kweli wengi wenu hata hamhitaji maji, feni kubwa nzuri juu ya prosesa inatosha kabisa, lakini najua hilo hamkuniuliza.

Kwa hivyo mimi huwa siulizi maji gani ni baridi. Nauliza maji gani, baada ya mwaka mzima ndani ya hiyo mirija, bado yatakuwa maji.

Mwenye alikuwa macho wakati mwalimu wa kemia alikuwa anafundisha seli, hapa ndipo karo yake inarudi. Chukua metali mbili tofauti, ziguse maji yaleyale yenye chumvi, ziunganishwe mahali, na umetengeneza betri. Moja kati yao italiwa. Ile ndoa mbaya kabisa kwa kompyuta ni ya shaba na alumini, kwa sababu ziko mbali sana kwa ile orodha tuliyokariri shule. Bloku inayokaa juu ya prosesa kawaida ni ya shaba, mara nyingi imepakwa nikeli. Rejeta nyingi za bei ya chini zinazouzwa mtandaoni ni za alumini. Ukiziunga pamoja, alumini inaanza kuisha polepole, maji yanajaa uchafu mweupe, na siku moja rejeta inatoboka juu ya kadi yako ya grafiki.

Hapo hakuna chupa ya kukuokoa. Dawa ya kutu itachelewesha tu. Ndiyo maana kabla mtu aniulize atie maji gani, mimi humuuliza rejeta yake ni ya nini. Kuna duka mjini liliwahi kuniuzia rejeta "ya shaba tupu." Niliishika mkononi nikaona ni nyepesi kama karatasi, nikakwaruza rangi kidogo pale chini, ikatoka nyeupe. Ilirudi dukani jioni hiyo hiyo, na muuzaji akanipa stori ndefu sana. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini ya ukubwa ule ule, kwa hivyo mkono wako unaweza kukwambia ukweli kabla ya lebo.

Na kabla mtu aseme, ndiyo, zile za kufungwa kiwandani zinazokuja na maji yake ndani mara nyingi huwa na alumini na shaba pamoja. Zinaishi kwa sababu kiwanda kiliweka dawa ya kutosha kisha kikaziba. Ndiyo sababu ukiskia mtu anataka kuifungua yake "kuongeza maji kidogo" kutoka kwa mfereji, mnyang'anye bisibisi.

Sasa tuje kwa mfereji wenyewe. Kinoo kwa ramani ni Kiambu, kwa roho ni Nairobi, na kwa mfereji ni borehole. Maji ya jiji mengi yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, maji ya mto kutoka milima ya Aberdare, yasiyo na madini mengi. Huku kwetu ploti nyingi ziko na kisima au zinaletewa na lori, na maji ya kisima yamekaa muda mrefu kati ya mawe ya volkano. Yanapanda yakiwa yamebeba sodiamu, baikaboneti na floridi. Floridi mnaijua hata kama hamjui jina lake: ndiyo imewapa watu wengi wa pande hizi meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi na Kiambu vinapita hapo.

Watu hudhani ubaya wa maji hayo kwa kompyuta ni ule ukoko wa birika. Hapana. Mfumo wako unabeba lita moja hivi, na hayo maji hayachemki wala hayakauki, kwa hivyo ukoko wake ni kidogo sana. Ubaya ni kwamba madini yanafanya maji yapitishe umeme vizuri, na ile betri niliyosema inafanya kazi haraka. Kloridi nayo inapenda kutafuta mahali nikeli imekwaruzika ianzie hapo.

Maji ya chupa je? Yametengenezwa yawe matamu mdomoni, na kuna madini yameachwa au yamerudishwa makusudi. Yale ya kujaza mtungi wa lita 20 pale dukani yamechujwa, ni afadhali kuliko ya kisima, lakini huwezi jua chujio lilibadilishwa lini. Maji ya betri yamegeuzwa mvuke kisha yakarudishwa kuwa maji, au yametolewa madini kwa njia nyingine, na yako pale kwa petroli stesheni kwa bei ambayo haifai kukuumiza kichwa. Ila soma lebo mara mbili. Kwa rafu hiyo hiyo huwa kuna asidi ya betri, na muuzaji mwenye haraka anaita zote mbili "maji ya betri."

Hapa kuna uongo mmoja niutoe: ati maji safi hayapitishi umeme, kwa hivyo yakivuja hakuna noma. Siku ya kwanza ni karibu kweli. Baada ya wiki kadhaa yameshakula chembe za shaba, za soda ya kuungia rejeta, za vumbi, na yanapitisha. Hata chupa za bei kali zilizoandikwa kwamba hazipitishi umeme zinafika hapo hapo. Kiowevu ambacho hakipitishi umeme kweli kweli kipo. Kompyuta ya Cray-2 ya mwaka 1985 ilikuwa imezamishwa yote ndani ya kimoja kinachoitwa Fluorinert, cha kampuni ya 3M. Bei yake si ya watu wa bedsita, na mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza itaacha kutengeneza kemikali za aina hiyo kabla 2025 kuisha. Kwa hivyo tubaki na maji, na tukaze viungo vizuri.

Sasa fundi wa gereji. Ukimuuliza, atakwambia weka kulanti ya gari. Msimcheke, huyo mtu anaelewa kutu kuliko nusu ya watu wa kompyuta. Amefungua rejeta za matatu zilizojazwa maji ya mtaroni pale Waiyaki Way, akaona tope la rangi ya chai linatoka. Kulanti ya gari ikichanganywa vizuri inafanya kazi hata kwa kompyuta. Inazuia kutu, na ukungu hauishi ndani yake. Imetengenezwa isigande kwa baridi, jambo ambalo Kinoo halitatusumbua, lakini hiyo si dhambi.

Mimi bado siitaki ndani ya nyumba. Kulanti nyingi za gari ni ethilini glaikoli, na hiyo ni sumu yenye ladha tamu. Tafadhali shika hapo kwa tamu. Inaharibu figo, na inaua paka, mbwa na watoto. Sasa fikiria vile sisi hununua: anakupimia kwa chupa ya soda, kijani inang'aa kama juisi, unaweka chini ya meza. Ploti ni moja, mlango uko wazi, mtoto wa jirani anaingia kila jioni kukuangalia ukicheza gemu. Au unabadilisha maji Jumamosi, ya zamani unamwaga kwa mtaro ambao kuku wa keya-teka wanakunywa. Mnaweza kuniita muoga. Hiyo chupa haiingii kwangu, na nikiiona kwa video ya mtu bila onyo nitasema. Ukitaka glaikoli tafuta propilini glaikoli, ambayo si sumu vile, hata kwa vyakula inatumika. Na usiimwage kama soda kwa barafu: mirija ya PETG haipendi glaikoli nyingi. Ile ya akriliki nayo haipendi spiriti, inapasuka nyufa ndogo ndogo, kwa hivyo usiipanguse nayo.

Tumefika kwa rangi. Kuna rangi iliyoyeyuka ndani ya maji, na kuna ile ya maziwa-maziwa. Iliyoyeyuka itapaka mirija yako na mipira ya pampu, na kuing'arisha tena ni kazi bure. Ya maziwa-maziwa ni mbaya zaidi kwa sababu ule uzito wa macho unatoka kwa chembe ngumu zinazoelea. Ndani ya bloku ya prosesa kuna vijia vyembamba, kila kimoja chini ya nusu milimita. Maji yanapozunguka, chembe zinaelea. Ukizima mashini ukaenda ushago wiki mbili, zinashuka. Stima zikipotea siku nzima, zinashuka. Zinashukia hapo hapo kwa vijia. Zile zenye mawimbi kama ya lulu, wenye kuzitengeneza wenyewe huandika kwamba ni za maonyesho, si za kutumia kila siku. Imeandikwa kwa chupa. Shida ni kwamba kwa video sisi huonyesha upande wa mbele wa chupa pekee.

Na kama ni rangi tu, rangi inaweza kukaa kwa mrija. Kuna mirija yenye rangi yake. Kuna laiti unaweza kuweka nyuma ya tangi, na maji yasiyo na rangi yakashika zambarau usiku, yakashika nyekundu kesho yake ukichoka. Kamera haijui tofauti. Nimejaribu, haijui.

Mwenye anataka kuanza vizuri: osha rejeta mpya kwa maji ya betri ya moto mara mbili au tatu, kwa sababu kiwanda huacha uchafu wa kuungia ndani. Kama mirija ni laini, chukua ile nyeusi ya mpira wa EPDM. Ile laini ya kuonekana ndani hutoa mafuta yake taratibu, maji yanakuwa kama ya ugali, na watu wanadhani ni ukungu. Dawa ya ukungu weka kipimo kilichoandikwa. Kuzidisha hakusaidii, kunaharibu nikeli. Tangi lisikae kwa dirisha, jua la asubuhi linalisha mwani. Kabla ya kuwasha chochote, endesha pampu peke yake siku nzima, tishu zikiwa chini ya kila kiungo, na uende uguse kila tishu kwa kidole. Halafu badilisha maji kila mwaka.

Kama tayari uko na maji ya maziwa-maziwa ndani, angalia chini ya tangi asubuhi kabla hujawasha. Ukiona mstari mzito umekaa pale, fungua bloku wikendi hii, leta mswaki mzee na uvumilivu. Ukipata vijia vimejaa, nitumie picha.